Mtoto aliyeomba kwa kinywa chake, ombi likamgeuka: hadithi hizi zinamfunza wajibu au zinamjaza hofu?

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa rohoni wiki kadhaa sasa.

Nina mtoto wa kiume wa miaka sita na mdogo wake wa kike wa miaka mitatu. Kila usiku nawasimulia hadithi kabla ya kulala. Mkubwa hudai aina moja tu: mtoto anaokota kitu cha ajabu, pete, kijiwe au kiumbe kinachozungumza, anaambiwa omba utakalo, anaomba, halafu ombi linamgeuka. Nilikuwa nazipenda sana. Niliamini zinamfunza kupima neno kabla ya kulitamka, bila mimi kumhubiria.

Usiku mmoja nikatunga moja papo hapo. Mtoto mwenye wivu alitamani ndugu yake atoweke. Akatoweka kweli. Yule mwenye wivu akalia mpaka mwisho wa hadithi, na ndugu yake hakurudi. Niliimaliza hivyo kwa sababu nilikuwa nimechoka, na pia kwa sababu nilidhani mwisho mkali utamkaa kichwani.

Ulimkaa. Siku nne baadaye mdogo wake akashikwa na homa kali, ile ya kumlaza mtoto mchana kutwa. Mkubwa akawa kimya. Hakugusa midoli ya mwenzake, hakukisogelea kitanda. Nikafikiri anaogopa kuambukizwa. Usiku wa pili ndipo akaniuliza, gizani, kwa sauti ya chini: "Mama, mtu akisema kitu moyoni tu, bila kukitamka, kinahesabiwa?"

Kumbe siku waliyogombania kiti alisema kimoyomoyo, natamani usingekuwepo. Na sasa alikuwa anasubiri mdogo wake atoweke.

Nilimkumbatia, nikamwambia homa inaletwa na vijidudu, mawazo hayana mikono ya kumshika mtu. Akanijibu, "Kwenye hadithi yako yalikuwa nayo."

Mdogo alipona. Lakini jibu lile lilinifanya nirudi kuzitazama upya hadithi zote za aina hii ninazozijua, nikijiuliza ni ipi inamjenga mtoto na ipi inamwacha na jiwe kifuani. Nilichokiona ni hiki: katika hadithi yangu nilimpa mtoto kosa, sikumpa kazi. Alitamani, akaadhibiwa, basi. Hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho angeweza kukifanya kwa mikono yake ili kurekebisha alichokiharibu. Hapo wajibu haufundishwi, kinachofundishwa ni kujilaumu, na hivi viwili tunavichanganya mno tunapolea.

Lugha yetu yenyewe inanisaidia kulieleza. Mtoto anapotamani husema kwa -nge-: ningekuwa na mabawa, ningekuwa mkubwa, usingekuwepo. Mtu anapojuta naye hutumia -nge- hiyohiyo: nisingesema, ningejua. Na "laiti" inawatumikia wote wawili. Hadithi za ombi lililogeuka zinatembea kati ya hizo mbili, zinaanza na -nge- ya kutamani na zinafika kwenye -nge- ya kujuta. Hadithi mbovu inakata pumzi hapo, kwenye ningejua. Hadithi njema inamvusha mtoto, inamtoa kwenye -nge- na kumtia kwenye -ta-: nitafanya nini sasa?

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa mwandishi Mwingereza E. Nesbit, katika kitabu chake Five Children and It cha 1902. Ndugu watano wanafukua kiumbe cha mchangani kinachotoa ombi moja kwa siku, na kila kilichoombwa huisha jua likitua. Wanaomba wawe wazuri wa sura, wanakuwa wazuri kiasi kwamba mlezi wao hawatambui, anawafukuza mlangoni, wanashinda na njaa. Wanaomba dhahabu, wanapata shimo zima, lakini ni sarafu za zamani ambazo wauzaji hawazikubali. Wanaomba mabawa, usingizi unawachukua juu ya mnara wa kanisa, jua linatua, mabawa hayapo tena na wao wako juu.

Ombi linalonigusa zaidi ni lile la mdogo wao wa mwisho. Mmoja wao, akiwa amekasirishwa na vurugu zake, anaropoka kwamba laiti kila mtu angemtaka huyu mtoto. Basi kila mtu anamtaka. Mwanamke tajiri anamchukua kwenye gari lake la farasi, watumishi wake nao wanamgombania, kisha wasafiri wa barabarani wanamzingira kila mmoja akidai ni wake. Watoto waliomwona kero asubuhi wanashinda kutwa wakimlinda, wakimbembeleza, wakibuni namna ya kumfikisha nyumbani. Hakuna anayewapiga wala kuwakaripia. Mdogo wao yuko mikononi mwao, mzito kuliko jana, na hawathubutu kumweka chini hata kidogo.

Tazameni pia jinsi ombi lenyewe lilivyo. Anayeliomba si mtoto mbaya, ni mtoto aliyechoka. Kila anayesikiliza anajua angeweza kulisema yeye. Na balaa halitoki nje, linatoka ndani ya maneno yaleyale aliyoyatamka. Alisema kila mtu, akapewa kila mtu.

Naomba michango yenu. Hadithi gani ya namna hii ilikukaa tangu utotoni, na ilikuachia nini? Na mtu mzima aingie wakati gani kwenye hadithi: amwokoe mtoto, au amwache ahangaike mwenyewe?

#2

Pole sana dada. Hilo swali la "kinahesabiwa?" limenitoa machozi, maana nililiuliza mimi nikiwa na miaka saba, ila sikupata mtu wa kumuuliza kwa sauti. Bibi yangu aliugua siku moja baada ya mimi kumnunia, na nikaibeba siri hiyo hadi nikawa mtu mzima. Hakuna aliyenisimulia hadithi mbaya. Niliifikia hofu ile mwenyewe. Kwa hiyo usiitupie lawama yote hadithi yako, pengine ilimpa tu maneno ya kusema kitu ambacho kingekuwepo hata hivyo.

#3

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, na hadithi ninayoitumia darasani ni ile ya mwanafunzi wa mchawi na ufagio. Watu wengi wanaijua kwa picha za katuni, lakini mshairi Mjerumani Goethe aliiandika kama shairi mwaka 1797, na kabla yake Lukiano, mwandishi wa kale wa Kigiriki, alikwisha kuisimulia karne ya pili. Bwana mkubwa katoka. Mwanafunzi anauamuru ufagio uteke maji badala yake. Ufagio unateka. Maji yanajaa, naye hajui neno la kuusimamisha.

Huwa nasimama pale anapochukua shoka. Anaupasua ufagio vipande viwili, na sasa fagio ni mbili, zote zinateka. Nikifika hapo watoto wanapiga kelele, kwa sababu wanapajua. Mtoto anavunja glasi, anaficha vipande, mwenzake anajikata, anasema uongo kuhusu damu, sasa ana makosa matatu. Hakuna somo la maneno lingewaeleza hivyo, ufagio wa pili unatosha.

Kisha nawauliza, ungekuwa wewe? Nilitegemea majibu ya ushujaa. Wengi wanasema, "Ningemwita mwalimu." Mwanzoni nililiona ni jibu la woga. Siku hizi naliona tofauti. Kumwita mtu na kumwambia ulichokifanya ni kazi nzito kuliko kupasua ufagio.

Kasoro yake ni kwamba mkubwa akirudi anatamka neno, kila kitu kinatulia, na mwanafunzi hafanyi lolote. Ndiyo maana naifuatanisha na ile ya chungu cha ajabu katika mkusanyiko wa ngano za Kijerumani wa ndugu Grimm. Msichana maskini anapewa chungu kinachopika uji kikiambiwa pika, na kinachotulia kikiambiwa acha. Siku moja hayupo, mama yake anakiamuru kipike na hajui neno la kukikomesha. Uji unajaza jiko, nyumba, mtaa, mji mzima, mpaka inabaki nyumba moja tu. Mtoto ndiye anayerudi na kusema neno. Watoto wanaipenda kupita kiasi, maana safari hii mkubwa ndiye aliyeharibu na mdogo ndiye anayejua.

#4

Naheshimu mada, lakini hapo kwenye hofu nakupinga. Sisi tulilelewa na hadithi kali. Mtu aliropoka, mtu akaumia, hadithi ikaisha, tukalala. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika hadithi zetu guu lilivunjika kwelikweli. Ninavyoona mimi, tukiondoa makali yote hadithi inakuwa maji ya uvuguvugu. Kuna mambo maishani hayarekebishiki. Mtoto asipolisikia hilo kwenye hadithi, atalisikia wapi? Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nataka wanangu walijue hilo kabla hawajamwaga.

#5 (Mleta uzi)

Mkuu wa #4, nimekuelewa na sikatai makali. Watoto wa Nesbit wanashinda na njaa, wanalala juu ya mnara, wanakaribia kumpoteza mdogo wao. Hayo ni makali. Ninachokikataa ni ukuta: mtoto anafika mahali, hana pa kupita, na msimulizi anazima taa na kuondoka. Hata maji yasiyozoleka yana cha kufanyiwa. Mtu anapangusa sakafu, anakwenda kuteka mengine, anamwomba radhi aliyelowa. Hayo ndiyo niliyoyasahau mimi.

#6

Nimefanya kazi na watoto wanaouguliwa na waliofiwa kwa miaka mingi, nichangie kidogo.

Alichokifanya mwanao ni cha kawaida sana kwa umri wake. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliliandika hili tangu 1926: watoto wadogo huona mawazo yao, maneno yao na hata miguso yao kuwa na nguvu juu ya vitu na watu. Kipindi chenyewe alikiweka kati ya miaka 2 na 7 hivi, ingawa si mpaka wa kukata kwa kisu. Mtoto anaona jua linamfuata anapotembea. Kwa nini basi hasira yake isimfuate mdogo wake?

Kwa hiyo kwa mtoto wa miaka mitano au sita, hadithi ya ombi si fumbo, ni taarifa ya jinsi dunia inavyofanya kazi. Mtoto wa miaka tisa anaisikia akicheka, kwa kuwa anajua si kweli, na ndani ya kicheko hicho ndimo anamotafakari. Hadithi ni ileile, masikio ni mawili tofauti. Kuna ombi moja ambalo mimi nisingelitia kabisa kwenye hadithi ya mtoto mdogo: ombi la mtu kufa au kutoweka moja kwa moja. Mengine yote, mabawa, dhahabu, kuwa mkubwa, kuwa asiyeonekana, sawa.

Na mtu akiugua kweli nyumbani, usisubiri mtoto aulize. Wengi hawaulizi, kama alivyosema wa #2. Mwambie wazi: si wewe uliyesababisha. Hakuna ulichosema, ulichofanya wala ulichowaza kilichomletea ugonjwa huu. Rudia kesho, rudia wiki ijayo, kwa maneno yaleyale. Na mtu akifariki usimwambie amelala, maana mtoto ataanza kukiogopa kitanda.

Kisha mpe kitu cha kufanya. Amchoree mgonjwa picha, amchagulie kitambaa, amfungulie dirisha. Ukimwambia "si kosa lako" bila kumpa la kufanya, unamwacha amesimama mlangoni. Mleta uzi umesema ulimpa kosa hukumpa kazi. Wodini nimeona hata asiye na kosa lolote anahitaji kazi.

#7

Mimi nimekua na Doraemon, katuni za Kijapani za paka wa roboti anayemtolea Nobita vifaa vya ajabu kutoka mfukoni. Karibu kila kisa ni ombi linalogeuka. Kuna kimoja sijakisahau hadi leo. Nobita anapewa swichi inayomfuta mtu duniani, na aliyefutwa hakumbukwi na yeyote, ni kana kwamba hakuzaliwa. Anamfuta mnyanyasaji wake. Kisha, kwa hasira, anawafuta watu wote. Mwanzoni anafurahi, madukani kila kitu ni chake. Usiku ukifika anaelewa kwamba hakuna hata mtu wa kugombana naye.

Halafu Doraemon anatokea na kumwambia kwamba kifaa kile kilitengenezwa ili kumfunza anayetaka kutawala kila kitu, na watu wanarudi. Mchangiaji wa #6 anasema ombi la kutoweka lisitiwe, na namwelewa. Ila kwangu mimi kisa hicho kilinisaidia. Nadhani sababu ni kwamba niliuona upweke wake dakika kwa dakika, wala sikuambiwa tu kwamba alijuta. Na pia nilikuwa na miaka kumi.

#8

Naomba niigeuze mada kidogo. Tunajadili maombi ya watoto, lakini katika hadithi nyingi kongwe anayeropoka ni mzazi na anayelipa ni mtoto.

Mfalme Midas wa Ovid, mshairi wa kale wa Kirumi, aliomba kila akigusacho kiwe dhahabu. Kwa Ovid hana binti kabisa, anateseka kwa sababu chakula na divai vinageuka dhahabu kinywani mwake, mpaka anaambiwa akaoge katika mto Pactolus. Binti aliongezwa na Nathaniel Hawthorne, Mmarekani, alipowaandikia watoto hadithi hiyo katikati ya karne ya 19. Na tangu hapo wengi huisimulia pamoja na binti. Najiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani watoto wenyewe walimhitaji: walitaka isemwe kwamba wakubwa nao hutamani vibaya, na kwamba uzito wa tamaa hiyo humwangukia mtoto anayekuja mbio kumkumbatia baba yake.

Kali zaidi ni ile ya kunguru saba katika mkusanyiko wa ndugu Grimm. Baba anawatuma wanawe kisimani kuleta maji ya kumbatizia dada yao mchanga, mtungi unawaponyoka ukaingia kisimani, wanachelewa, naye kwa hasira anatamka kwamba laiti wote wangekuwa kunguru. Anasikia mabawa juu ya kichwa chake. Yule msichana anakua bila kuambiwa, mpaka siku moja anawasikia watu wakisema yeye ndiye chanzo cha msiba wa kaka zake. Anakwenda mpaka mwisho wa dunia kuwatafuta, na akikosa ufunguo wa mlima wa kioo anakata kidole chake kidogo na kukitumia kama ufunguo.

Kila nikiisoma nashikwa na hasira. Neno lilikuwa la baba, kidole kikawa cha mtoto. Hapana shaka msichana yule ni shujaa. Lakini tukiwasimulia watoto hadithi za wajibu, tuwe waangalifu tusiwatwishe wajibu ambao ni wetu.

#9

Wa #8 umesema neno zito. Mimi nimekumbuka kisa cha Sultani Darai, kile alichokichapa mmisionari Mwingereza Edward Steere katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Maskini anayechakura jaani anamnunua paa, na paa anamtafutia almasi, mke na jumba. Paa anapougua, bwana hamjali, anaagiza apewe uji wa mtama mwekundu. Paa anakufa, anatupwa kisimani. Muda si mrefu maskini anajikuta jaani palepale alipoanzia, akichakura.

Hakuna ombi lililoropokwa hapo, ndiyo maana nimeileta. Alipoteza kila kitu kwa kukataa kumtunza aliyemfaa. Hadithi nyingi zinaweka kosa kwenye ulimi. Hii inaliweka kwenye bakuli la mgonjwa. Kwa mtoto nadhani ni rahisi zaidi kuelewa wajibu kama kutunza kuliko kama kuchunga maneno.

#10 (Mleta uzi)

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Bakuli la mgonjwa la wa #9 na kazi aliyoitaja wa #6 vimenipa usingizi mchache na hadithi mpya. Naiweka hapa mwikosoe kabla sijamsimulia mwanangu.

Palikuwa na msichana ambaye mdogo wake mchanga alilia sana. Alilia asubuhi, alilia usiku. Siku moja msichana akaokota kijiwe cheusi chenye mstari mweupe, kijiwe kikasema, sema unachotaka. Hakufikiri mara mbili. "Nataka mdogo wangu aache kulia." Papo hapo nyumba ikanyamaza.

Siku ya kwanza ilikuwa tamu. Watu walilala. Wakubwa wakasifu, mtoto ametulia, mtoto amekua. Siku ya pili msichana akapita karibu na kitanda, akamwona mdogo wake amefumbua kinywa wazi, uso umekunjamana, machozi yanatiririka mpaka masikioni, na hakuna sauti. Nepi ilikuwa imelowa tangu alfajiri. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyeitwa.

Akakikimbilia kijiwe. Kijiwe kikasema, "Sauti yake ninayo mimi. Nitaitoa utakapoweza kuniambia kila kilio kilikuwa kinasema nini. Viko saba."

Basi akakaa kando ya kitanda. Akajifunza kwamba mtoto akikunja miguu hadi tumboni, tumbo linamuuma. Akigeuza kichwa huku na huku akitafuta kwa midomo, ana njaa. Akijifikicha macho, amechoka. Alikosea mara nyingi. Alimlisha aliyekuwa na usingizi, akambembeleza aliyekuwa na njaa. Usiku ndio ulikuwa mgumu kuliko yote, maana hapakuwa na sauti ya kumwamsha, ikambidi aamke mwenyewe.

Siku ya saba akaenda, akataja vilio sita. Kijiwe kikasema, "Bado kimoja." Akarudi, akamkuta mtoto ameshiba, ni mkavu, hana homa, ametoka kulala, na bado kinywa kimefumbuka wazi. Hakujua la kufanya. Akamchukua tu, akamweka begani. Kinywa kikafunga. Msichana akasema polepole, bila hata kurudi kwa kijiwe: "Hiki kinasema, niko peke yangu."

Mtoto akalia, sikioni mwake kabisa.

#11

Nimeipenda. Hicho kilio cha saba nitakaa nacho.

#12

Mwalimu wa #3 tena. Ni nzuri, ila kuna jambo linanisumbua. Huyu msichana ana miaka mingapi? Anakesha siku saba peke yake, wakubwa wako wapi? Naelewa kwamba hutaki wamwokoe kama bwana wa ufagio, neno moja na yakaisha. Lakini mtoto atakayeisikia atajifunza kwamba ukikosea unaficha na unahangaika peke yako mpaka urekebishe. Wako wanaoficha mambo makubwa kuliko kilio kwa kuamini hivyo. Na angalia, kilio cha saba kinasema niko peke yangu. Msichana mwenyewe je?

#13

Namuunga mkono mwalimu, kwa sharti moja: mama akiingia asiichukue kazi. Wengi wetu tukiambiwa na mtoto "nimeharibu" tunasema "toka hapo, nipe mimi", tunapangusa wenyewe kwa hasira, na mtoto anabaki na aibu bila kitambaa mkononi.

#14

Mimi ni yule wa #4. Sijabadili msimamo kuhusu makali, lakini nakiri hii ya kijiwe ni kali. Mtoto analia bila sauti. Nisingependa kuiona sura hiyo nikiwa na miaka sita, na nisingeisahau.

#15 (Mleta uzi)

Nimemsimulia jana usiku. Nilikuwa bado sijaamua nifanye nini na hoja ya mwalimu, nikaanza tu nikitumaini nitapata njia nikifika.

Nilipofika siku ya pili, pale kwenye machozi yanayoingia masikioni, akaketi kitandani. Akasema, "Amwambie mama yake."

Nikamuuliza, mama akijua atafanyaje? Akafikiri muda mrefu, mpaka nikadhani amesinzia. "Atakasirika kidogo. Halafu watalala kwa zamu."

Nikaibadilisha palepale. Msichana akamwendea mama yake, akamwonyesha kijiwe, akasema, ni mimi niliyeomba. Mama akanyamaza, akakasirika kidogo, kisha akauliza, umeshavijua vilio vingapi? Wakagawana usiku. Msichana aliposhika zamu mama alilala kwelikweli, na msichana alijua kwamba mama amelala kwa sababu anamwamini.

Kwenye kilio cha saba hakuningoja. Alikisema kabla yangu.

Asubuhi ameniuliza kama kesho anaweza kuisimulia yeye kwa mdogo wake, mimi nikae nisikilize. Amesema ataanza na kijiwe, lakini kwake kitakuwa cheupe.